Nimechanjwa, mbona nimeugua?

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Daktari. Mimi ni mwalimu wa skuli, Wete. Nilichomwa sindano mbili za Uviko-19, na bado nikaugua: pua imeziba, koo linawasha, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mlangoni na harufu yake siisikii. Siku ya tano nikaamka. Mama yangu, ana miaka 71 na kisukari, aliponiona vile akaapa hachomwi tena. Nasikia India wanatia matone puani. Mbona sisi hatuletewi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Iliyougua ni pua na koo, mapafu yalisalimika. Siwezi kukuapia kuwa sindano ndiyo iliyokunusuru, lakini hiyo hasa ndiyo kazi yake. Sindano ya begani hujaza damu kingamwili, yaani silaha za mwili za kupigana na vijidudu, za aina ya IgG, nazo huyafikia mapafu vizuri. Puani hufika chache. Pua ina kingamwili zake, IgA, zinazotengenezwa papo hapo chini ya ngozi laini na kutoka pamoja na ute. Sindano ya mkono haiziamshi sana, na hata zikiamka hupungua baada ya miezi.

Mama yako jambo hili amelishika kwa mikono yake. Si alikupeleka ukatiwe matone ya polio mdomoni? Kirusi cha polio hukaa utumboni, na matone huamsha IgA hukohuko. Mtoto aliyepewa sindano ya polio peke yake hukingwa asipooze, lakini kirusi kinaweza kukaa tumboni mwake, kikatoka na choo, kikamfikia mwenziwe. Na mwaka 2009, hapa Pemba na Unguja, watu walikunywa chanjo ya kipindupindu, dozi mbili. Hata jirani asiyeinywa alipata kinga kiasi, kwa sababu ya wale waliokunywa.

Nitoke kidogo njiani: dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, yamejaa IgA hiyohiyo. Bado wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Naumia kila nikiliona hilo. Mpeni mtoto.

Turudi puani. Ni kweli, mwaka 2022 India iliidhinisha matone ya Uviko ya puani, na China ikaidhinisha chanjo ya kuvuta kwa mdomo. Marekani wana chanjo ya homa ya mafua ya kupuliza puani tangu 2003. Virusi vyake ni hai lakini vimedhoofishwa, vinaota kwenye ubaridi wa pua, na joto la mapafuni huvishinda. Ila pua imeumbwa kutupa nje kila kigeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliipuliza puani chanjo ya AstraZeneca, ileile ya sindano, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2022 yalikuwa hafifu. Basi usidhani tunanyimwa kitu kilichokwisha kukamilika.

Sasa mama. Kwa umri wake na kisukari chake, ninachokiogopa ni mapafu, si pua. Usibishane naye. Kaa naye barazani baada ya laasiri, mkumbushe kwamba uliziba pua siku nne na hukulazwa. Siku ya kliniki yake ya kisukari nenda naye, mumuulize daktari anayemjua kama wakati wa sindano nyengine umefika. Na wewe ukishikwa na mafua, chai yake ampelekee mtu mwengine, usije ukamwambukiza.