Kwa mnaoanza kubadilisha modeli za saketi na kutengeneza rimoti kwa terminali

Vijana wangu, naandika haya mana kila nikikaa na wanafunzi wa fildi naona makosa yanajirudia yaleyale, na mengi niliyafanya mimi kwanza nikapoteza usiku mzima. Kazi yetu kubwa sahizi ni TV za mtumba zinazokuja bila rimoti, na kumbi au lodji ambazo mtu anataka TV zote ziwashwe kwa pamoja kutoka sehemu moja. Tunachukua Raspberry Pi, yani kompyuta ndogo ya bodi moja, tunaiwekea transista na taa za infraredi, tunaandika skripti, basi. Kwaiyo kazi ina sehemu mbili, kwanza kuijaribu saketi kwenye ngspice, programu ya kuigiza saketi, kabla hujachoma risasi, pili kuzisoma na kuzibadilisha kodi za rimoti. Zote mbili unafanya kwa kuandika amri, na zote mbili zina hatari moja.

Hatari yenyewe ni hii, programu inayobadilisha faili haijui we ulikusudia nini, inasoma herufi tu. Ikimaliza bila kulalamika usidhani jibu liko sawa. Mimi sahizi sibonyezi enta kabla sijaandika kwenye daftari namba moja niliyoipiga kwa mkono, alafu matokeo yakija nalinganisha na hiyo namba.

Tuanze na saketi. Nilikua na umeme wa 5 V, taa ya infraredi inayokula kama 1.3 V, transista ikifunguka kabisa inabakiza kama 0.2 V, rezista ya ohm 33. Piga hesabu, 5 toa 1.3 toa 0.2 gawa kwa 33, unapata kama 106 mA. Hiyo ndo namba ya daftari. Sasa kwenye beisi, ule mguu unaoifungua transista, niliweka rezista ya kuivuta chini ili taa isiwake Pi inapoanza, nikaandika `R2 b 0 1M`, nikaendesha `ngspice -b taa.cir -o taa.log`, ikamaliza vizuri bila kosa lolote, nafungua logi naona mkondo wa taa ni karibu na sifuri. Nikabadilisha modeli ya transista, yani faili linaloieleza programu transista inavyofanya kazi, nikapakua nyingine, nikabadilisha tena, mpaka saa nane usiku. Kumbe kwenye SPICE, lugha ambayo ngspice inaisoma, M ni mili, kubwa au ndogo ni ileile, kwaiyo 1M yangu ilikua sehemu ya elfu moja ya ohm, yani beisi imefungwa kabisa na graundi. Mega inaandikwa `1Meg`. Nilivyorekebisha tu ikaja namba inayokaribiana na ile ya daftari. Bila ile 106 ningeweza hata kuamini kwamba modeli ndo mbovu nikaitupa.

Kuna na hili la mstari wa kwanza, SPICE inauchukulia mstari wa kwanza wa faili kuwa ni jina la kazi, hata kama umeandika rezista hapo inarukwa kimyakimya. Weka jina juu siku zote. Na ili upate namba moja safi badala ya kukodolea macho grafu, weka chanzo cha 0 V katikati ya njia ya taa ukiite Vam, alafu andika `.meas tran kilele MAX i(Vam)`, jibu litakaa kwenye logi.

Modeli za kupakua zina mambo yake. Nyingi ziliandikwa kwa ajili ya PSpice au LTspice, programu nyingine za kazi hiyohiyo, ngspice ikizigomea weka `set ngbehavior=ltpsa` kwenye faili la `.spiceinit` kabla hujaanza kuhariri kwa mkono. Faili likitoka Windows lisafishe kwa `dos2unix`, alafu tafuta herufi ngeni kwa `grep -nP '[^\x00-\x7F]'`, mana ile alama ya mikro iliyopachikwa kwenye thamani ya kapasita inasumbua sana, ibadilishe iwe u ya kawaida. Modeli iliyofungwa kwa siri na kiwanda usihangaike nayo, tafuta ya wazi. Kama unachora saketi kwenye programu ya KiCad toleo la 7 kuja juu, huna haja ya kubonyezabonyeza menyu, `kicad-cli sch export netlist --format spice` inakutolea orodha ya vifaa na miunganiko yake yenyewe na unaweza kuiingiza kwenye skripti.

Ila jambo ambalo naomba mlishike ni mpangilio wa miguu. Mstari wa transista kwenye SPICE unataka kolekta, beisi, emita, kwa mpangilio huo. Transista ya mkononi haifuati hivo. PN2222 ukiitazama uso bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta, BC547 ni kinyume chake, na kuna P2N2222A ambayo jina linakaribia kuwa lilelile lakini miguu imepinduliwa. Op-ampu, ile chipu ya kukuza mawimbi, ndo zaidi, kwenye modeli nodi ya kwanza mara nyingi ni ingizo chanya, wakati mguu namba 1 wa LM358 ni tokeo. Fungua faili la modeli kwa `less`, soma maelezo yaliyo juu ya mstari wa `.subckt`, usikisie.

Sasa rimoti. Sensa ya TSOP38238 inasoma vizuri, unaiunganisha, unaweka `dtoverlay=gpio-ir` kwenye konfigi ya Pi, unawasha upya, alafu unaandika `ir-ctl -d /dev/lirc0 -r`, amri ya kurekodi rimoti, na unabonyeza kitufe. Ukiwa na cha kupokea na cha kutuma pamoja, lirc0 na lirc1, yani majina ambayo Pi inavipa vifaa hivyo, zinaweza kubadilishana nafasi Pi ikiwaka upya, kwaiyo angalia kwanza kwa `ir-ctl -f` ipi inatuma ipi inapokea, usije ukalaumu taa bure.

Nikibonyeza pawa ya rimoti ya LG naona kitu kama hiki:

`+9021 -4467 +598 -538 +596 -541 +601 -1665`

Hizo ni mikrosekunde. Mwako wa kama 9000 na kimya cha kama 4500 ndo salamu ya protokali ya NEC. Baada ya hapo kila biti ni mwako wa kama 560 ukifuatwa na kimya, kimya kifupi ni sifuri, kimya kirefu cha kama 1690 ni moja. Sensa inarefusha mwako kidogo ndo mana unaona 598, usiogope. Hapo juu tuna sifuri, sifuri, moja, na baiti yote ya kwanza ni 00100000. Kijana anaisoma kwa heksa (namba za msingi wa 16) anapata 20, anaenda kwenye orodha za kodi za Arduino anakuta kweli, 20DF10EF, anafurahi, anaandika `ir-ctl -S nec:0x2010`, TV imetulia tu. Hapa ndo wengi wanakwama siku nzima. NEC inatuma biti yenye thamani ndogo kwanza, kwaiyo 00100000 kwa uhalisia ni 00000100, yani 04, na 10 inakua 08. DF na EF ni vivuli tu vya kukagua, kila 0 imekua 1 na kila 1 imekua 0. Amri sahihi ni `ir-ctl -S nec:0x0408`. Kitufe ni kimoja na mwanga ni uleule, kilichobadilika ni upande wa kuanzia kusoma.

Ukipewa kodi za Pronto, mtindo mwingine wa kuandika kodi za rimoti kwa heksa, zile zinazoanza `0000 006D 0022`, kagua hivi kabla hujazibadilisha. 006D ni 109, zidisha kwa 0.241246 unapata kama mikrosekunde 26.3, ambayo ni 38 kHz. 0022 ni jozi 34, yani salamu moja, biti 32, na mwako wa kufunga. Vikikubali hivyo viwili, endelea. Visipokubali, kuna kitu kimekatika wakati wa kukopi.

Kumbuka pia sensa haikuambii frikwensi ya rimoti, yani kasi ya kupepesa mwanga, inaiondoa. NEC ni 38 kHz, RC5 ya Philips ni 36, Sony ni 40. Ukirekodi ya Sony kwa sensa ya 38 utaipata, lakini faili la kutuma liandikie `carrier 40000` juu, la sivyo TV itaitikia ukiwa karibu tu ukisogea inakataa. Na kujua kama taa inawaka kweli tumia kamera ya mbele ya simu, utaona zambarau.

Kiyoyozi usikichukulie kama TV. Rimoti yake inatuma hali yote kila ukibonyeza, joto, feni, modi, ndani ya ujumbe mmoja mrefu, hakuna kodi ya "ongeza joto". Ninachofanya narekodi 24, 25 na 26 kwenye faili tatu, nazigeuza kuwa biti, mana zile namba ghafi hazifanani hata kitufe kikiwa kilekile, alafu napiga `diff`, amri ya kulinganisha faili. Biti zinazosogea katikati ndo joto, na baiti ya mwisho ikisogea pia mara nyingi ni jumla ya ukaguzi, nayo ukituma vibaya kiyoyozi hakilii hata mlio. Hapo kaa na daftari, jumlisha baiti zilizotangulia, jaribu mpaka 24, 25 na 26 zote zikubali, ndo uandike skripti.