Zamu ya usiku: kwa nini umechoka hoi na mchana hulali

Ndugu uliyeuliza, umesema uko zamu ya saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, ukilala unashtuka saa 6 mchana, kiungulia hakiishi na unafokea watu kwa jambo dogo. Waliotangulia wamekushauri vidonge vya usingizi. Mimi naanza na mwanga. Vidonge viwe mwisho, tena kwa maelekezo ya daktari.

Ubongo una saa yake, na kinachoirekebisha zaidi ni mwanga unaoingia machoni. Joto la mwili hushuka kabisa kwenye saa 10 au 11 alfajiri, kisha huanza kupanda. Melatonini, homoni ya usiku, nayo hupungua kunapokucha. Kwa hiyo unapolala saa 2 asubuhi, mwili uko njiani kuamka. Uchovu unakulaza kwa muda wa saa tatu nne, ukishapungua kidogo tu saa ya mwili inakuamsha. Si kelele za majirani peke yake. Na ukipita juani asubuhi, umeithibitishia kwamba siku imeanza.

Basi nusu ya kwanza ya zamu kaa penye mwanga mkali. Kuelekea mwisho upunguze, ikiwa kazi inaruhusu. Ukitoka vaa miwani myeusi na kofia, nenda moja kwa moja nyumbani. Ila kama unaendesha mwenyewe, usiivae: aliyekesha saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na giza la miwani linaongeza usingizi. Heri uendeshwe. Chumbani, zima taa unyooshe mkono. Ukiona vidole, mwanga bado unaingia. Watu hununua pazia zito wakasahau upenyo wa juu na ule wa chini ya mlango. Simu izimwe, au ibaki namba moja tu ya dharura.

Kahawa: nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa tano baada ya kuinywa, kwa wengine zaidi. Kikombe cha saa 10 alfajiri nacho huchangia kukuamsha saa 6 mchana. Kunywa mwanzoni mwa zamu, mwisho saa 8 usiku. Ukibanwa na usingizi wakati wa mapumziko, lala dakika 20 na utege kengele. Ukivuka nusu saa unaingia usingizi mzito, na ukiamshwa hapo unakuwa mzito wa akili kwa muda. Usishike mashine wala usukani mara moja.

Usingizi si lazima uje kwa mkupuo. Lala saa 2 asubuhi hadi saa 6 au 7, kisha ongeza dakika 90 jioni kabla ya zamu. Hiyo ya jioni wengi huidharau, kumbe ndiyo inayokuvusha alfajiri.

Kiungulia kina maelezo mepesi. Usiku tumbo hufanya kazi polepole na mwili hauimudu sukari kama mchana. Mlo mkubwa uwe kabla ya zamu, kitu chepesi kufikia saa 6 usiku, baada ya hapo maji. Asubuhi kula kidogo, njaa isikuamshe.

Panapoharibika kabisa ni siku za mapumziko. Mtu anarudi kulala saa 4 usiku kama wengine, zamu ikirudi anaanza upya. Kama zako ni za usiku tu, jaribu katikati: siku za mapumziko lala saa 9 usiku hadi saa 5 asubuhi. Kama mnapokezana, ombeni mzunguko uende asubuhi, mchana, kisha usiku, kwa sababu saa ya mwili husogea mbele kirahisi kuliko kurudi nyuma. Na kati ya zamu na zamu pasipungue saa 11.

Kuna aliyesema ufanye na kibarua cha mchana kwa kuwa uko macho. Hapana. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2021 yanaonyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Kuhusu hasira, ukilala vizuri wiki mbili tatu nyingi hupungua. Isipopungua, tazama inatokea wapi. Uchovu wa kazi, kama WHO inavyouelezea, una dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi la maana pale. Lakini kama hata nyumbani, kwenye mambo uliyoyapenda, huna raha tena kwa wiki mbili, huenda ni sonona, nenda hospitali. Mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie mtu leo hii na uende leo hii.

Mwenzi wako akisema unakoroma na kukata pumzi usingizini, mwambie daktari hivyo hivyo, maana hapo pazia halitasaidia. Wenye kifafa, wenye kuchoma insulini na wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka wamuone daktari kabla ya kukubali zamu ya usiku: kukesha huweza kuamsha degedege au kupandisha hisia, na ratiba ya dawa lazima ipangwe upya.