Maswali ya ngozi: baridi imeingia, mafuta ya ng'ombe yanafaa kupaka au hayafai?

Toka mwezi wa sita uanze meseji zenu karibu zote ni za ngozi, na nyingi zinauliza kitu kimoja, haya mafuta ya wanyama ambayo sasa hivi kila mtu anapaka au anauza. Nimechagua sita. Mnisamehe la kwanza nimelijibu kwa urefu, ndilo lililobeba mengine yote.

Shikamoo mama. Mimi naishi hapa Sakina, ngozi yangu ni kavu toka utotoni na losheni zenye harufu zinanichoma mpaka machozi. Mama mkwe wangu yuko Longido, alipokuja kututembelea akaniletea kikopo cha mafuta ya kondoo akasema wao wanapaka hayo toka enzi na enzi. Nimeanza kupaka, hayachomi kabisa, ila ikifika saa sita mchana nimepauka tena kama sijapaka kitu. Nakosea wapi? Na ni kweli ni salama?

Marahaba mwanangu. Kwanza mshukuru sana mama mkwe, hajakuletea kitu cha ajabu. Wamasai mafuta ya kondoo wanayaheshimu, wanampa mama aliyejifungua, wanapaka mwilini, wanachanganya na ule udongo mwekundu, kwa hiyo anajua anachokisema.

Sasa shida yako. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Hayana maji ya kuleta. Kazi yake ni kufunika. Chukulia sufuria, ukifunika yenye maji maji yanakaa, ukifunika tupu ukija kufunua utaikuta tupu vile vile. Wewe naamini unaoga, unajikausha vizuri na taulo, unavaa, unamwandaa mtoto wa shule, ndo unakumbuka kupaka, na hapo ngozi imeshakauka kitambo, umefunika sufuria tupu. Fanya hivi: ukitoka kuoga jifute kwa kugusagusa tu, ngozi ibaki na unyevu, alafu hapo hapo bafuni kabla dakika tatu hazijaisha paka. Chukua kidogo, kama punje ya harage kwa mkono mzima, sugua kwenye viganja mpaka yayeyuke yawe kama mafuta ya kupikia ndo upake. Ukichukua donge kubwa utanata, vumbi litakushika na nguo zitaharibika, utaishia kuyachukia bure.

Na maji ya kuoga yasiwe ya moto wa kuchoma. Najua, Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba asubuhi mtu anataka maji yanayotoa moshi, lakini maji ya moto yanakuondolea mafuta yako ya asili ambayo hakuna kikopo kitakachokurudishia yote. Vuguvugu, dakika tano au kumi, basi. Dodoki lipumzishe. Sabuni ya mche iache ifue nguo, ni kali, na ngozi yetu yenyewe ina uasidi kidogo, sabuni kali inauvuruga ndo unaanza kujisikia umebanwa kama umevaa ngozi ya mtu mdogo.

Kuhusu usalama. Mafuta ya ng'ombe au kondoo yakiwa safi, hayana harufu ya dukani wala rangi, ndiyo maana hayakuchomi. Wengi mnaodhani ngozi zenu zinakataa losheni, kinachokataliwa ni manukato yaliyomo. Ila kuna watu wanauza kikopo kidogo kwa bei ya kilo nzima ya nyama wakisema eti mafuta ya ng'ombe ni sawa sawa na mafuta ya ngozi ya binadamu. Si sawa sawa. Kuna vinavyofanana na kuna vingine ngozi yetu inavitengeneza ambavyo ng'ombe hana kwenye shahamu yake. Na vile wanavyotaja vitamini A, D, E na K, zimo kidogo, sio za kukufanya ulipe pesa yote hiyo.

Kitu kingine wauzaji hawakisemi: kama asilimia 40 ya mafuta ya ng'ombe ni asidi ya oleiki, ile ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, na hiyo kwa baadhi ya watu inalegeza ngozi badala ya kuikaza. Ndo maana dada yako anapaka anang'aa na wewe ukipaka unawashwa, na wote mnasema ukweli. Kwa hiyo yeyote anayeanza apake sehemu ndogo ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, wiki nzima, kabla hajapaka mwili. Kukiwa na wekundu, vipele au kuwasha, achana nayo, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu yapo toka 1872 kule Marekani yalipopewa hataza, ni bei rahisi, na kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi hayana mpinzani. Naipenda shahamu, naitumia, lakini siwezi kumwambia mtu anayebana matumizi akanunue kikopo cha bei mbaya wakati mgando upo kila duka la mtaani.

Aisee mama habari. Niko Kiboriloni, Moshi. Nilinunua mafuta buchani nikayakaanga nyumbani nipate ya kupaka, yakatoka ya njano, yananuka nyama choma, na baada ya wiki mbili chini kukawa na maji na uvundo. Nilimwaga yote. Kuna njia ya kufanya yawe meupe kama ya wanaouza?

Ipo kaka, na umeshajijibu mwenyewe uliposema umeyakaanga. Haya hayakaangwi, yanayeyushwa pole pole.

Anzia buchani. Usichukue mafuta yoyote tu ya kwenye nyama, mwambie mwenye bucha akutolee yale yanayozunguka figo, ni makavu, yanavunjika vunjika mkononi kama jibini, na hayana harufu kali. Toa kila kipande cha nyama na damu unachokiona, chochote chenye nyama ndicho kitakachooza. Katakata ndogo sana, ukiweza saga. Tia kwenye sufuria nzito, weka maji kiasi cha kuyafunika na kijiko cha chumvi, moto mdogo kabisa. Kama ni mkaa toa mkaa mwingine pembeni.

Kaa karibu usikilize. Mwanzo inachemka kama uji, povu la kijivu linapanda juu, liengue. Baada ya saa mbili au tatu vipande vinakuwa vimesinyaa vinaelea, na mafuta yamekuwa maangavu unaona mpaka chini. Epua, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kwenye bakuli, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta sahani nyeupe imeganda juu na maji machafu yamebaki chini. Itoe ile sahani, igeuze, upande wa chini utaona utando wa kahawia unaoteleza, kwangua wote kwa kisu mpaka ufike kwenye weupe. Huo utando ndio harufu yako yote kaka. Rudia tena na maji mapya na chumvi, mimi narudia mara tatu na ya tatu inatoka nyeupe kama mshumaa.

Sasa yale maji uliyoyakuta chini ya kikopo. Mara ya mwisho yeyusha bila maji, moto mdogo, na usikilize ule mlio wa tsh tsh. Ukiwa bado unalia, maji yapo. Ukinyamaza kimya na hakuna kipovu kinachopanda, maji yamekwisha, mimina kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tone moja la maji likibaki ndo linaleta uvundo. Na ukiwa unatumia usichovye vidole vilivyolowa, tumia kijiko kikavu. Weka mbali na jua na joto, na siku ukinusa ukapata harufu ya karanga za zamani ujue yamechacha, yatupe, mafuta yaliyochacha yanawasha ngozi.

Kwa Moshi huko chini mlivyo na joto yatakaa laini yenyewe, mkitaka yawe magumu ongezeni nta ya nyuki kidogo. Sisi huku Arusha ni kinyume, asubuhi ni jiwe, kwa hiyo mimi kwenye vijiko vitatu vya shahamu natia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, yanalainika, na alizeti yenyewe ina asidi ya linoleiki ambayo ngozi kavu inaipenda. Ila ukitia alizeti yanachacha mapema, tengeneza kidogo kidogo. Na tafadhali usitie limau kuondoa harufu, limau kwenye ngozi ukitoka juani linaacha madoa meusi ya kukaa miezi. Mafuta yale ya manukato ya kudondoshea nayo ndiyo yale yale tunayoyakimbia kwenye losheni.

Mama shikamoo, mtoto wangu ana miezi saba, mashavu yamekuwa mekundu yamekwaruza, na kwenye mikunjo ya mikono anatoa majimaji, usiku halali anajikuna tu. Bibi yake hapa Ngaramtoni anasema nimpake samli, jirani anasema mafuta ya ng'ombe, rafiki yangu kaniletea tyubu ya krimu anasema inaondoa siku mbili. Nimechanganyikiwa.

Marahaba mama. Naomba usimpake chochote kati ya hivyo vitatu, na kesho asubuhi mpeleke akaonwe. Unavyoelezea inafanana na pumu ya ngozi, na hayo majimaji yanaweza kuwa maambukizi yameshaingia. Ukiona gamba la njano kama asali, au homa, au anakataa kunyonya, usisubiri hiyo kesho.

Bibi usigombane naye, samli amewapakia wengi na walikua. Lakini samli inatokana na maziwa, mabaki ya protini ya maziwa yanaweza kuwepo, na yakipita kwenye ngozi ya mtoto iliyochubuka mwili wake unaweza ukaanza kuyaona maziwa kama adui. Shahamu ya kuyeyusha nyumbani nayo kwenye kidonda cha mtoto hapana. Mwambie bibi hivyo kwa upole, mwambie ngozi ikishapona mtazungumza.

Ile tyubu ndo inanitisha zaidi. Krimu zinazomaliza kila kitu kwa siku mbili mara nyingi ni za steroidi kali, daktari anazo na anajua ipi, kiasi gani, siku ngapi na sehemu gani, lakini kwenye shavu la mtoto wa miezi saba kwa kubahatisha inakondesha ngozi yake. Mtoto wa mdogo wangu alipakwa kitu kama hicho miezi mitatu, kilinunuliwa duka moja la mtaani, na mpaka leo mishipa midogo inaonekana shavuni. Nikikumbuka naumia.

Mkiambiwa muende mbele zaidi, msione mbali, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka 1992, madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea pale, na ndipo wanapotengeneza mafuta ya jua ya ndugu zetu wenye ualbino. Wakati unasubiri, muogeshe kwa maji vuguvugu muda mfupi, mkate kucha, na sehemu ambazo hazijachubuka paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mara nyingi kadri uwezavyo.

Asalaam aleykum. Nimepewa zawadi mafuta ya kupaka ya wanyama, lebo imeandikwa shahamu tu haijasema mnyama gani. Nitumie?

Waaleykum salaam. Muulize aliyekupa, na kama hajui usitumie. Wapo wanaotumia ya nguruwe na hawaandiki. Na nyie mnaotengeneza na kuuza, andikeni mnyama, ni haki ya mtu kujua. Hata kwenye sabuni, angalieni paketi, zipo zilizotengenezwa na mafuta ya ng'ombe na watu hawajui.

Mama, mi nina chunusi usoni na mba kichwani inayowasha, nipake haya mafuta?

Hapana mwanangu. Usoni yanaweza kukuzibia vitundu, na mba inachangiwa na fangasi wanaoishi kwa kula mafuta ya aina hiyo hiyo, utakuwa unawapikia. Tafuta shampuu ya ketokonazoli famasi, na uso uache mwepesi.

Nimalizie na huyu baba mlinzi wa usiku wa Njiro aliyeuliza habari ya magaga, kwamba yamepasuka mpaka damu na baridi ikiingia humo anashindwa kutembea lindo. Baba yangu, pole sana. Hapo ndipo shahamu inapofanya kazi nzuri kuliko pengine popote. Ukitoka lindo asubuhi loweka miguu maji vuguvugu robo saa, sugua taratibu na jiwe la kusugulia miguu pale palipo pagumu tu usiguse palipopasuka, futa kidogo, paka shahamu kwa wingi, vaa soksi za pamba ulale nazo. Wiki mbili bila kuruka siku. Kama una kisukari usifanye chochote kwenye hiyo miguu kabla hujaonwa hospitali. Na soksi zilizolowa mafuta zinashika moto haraka mno, hata ukishazifua, kwa hiyo usiote nazo jiko la mkaa, na jiko lenyewe usiliingize chumbani ukafunga mlango, libaki nje.