Mbu hawajui Jumapili

Shangazi, shikamoo. Nina mkataba wa miaka miwili katika maabara ya malaria hapa Tanzania. Nalisha viluwiluwi wa mbu kila siku, hata wikendi, na saa nne usiku bosi ananiuliza takwimu kwa WhatsApp. Mwezi huu nimekosa maziko ya mama yangu mdogo, mbu walikuwa wanatoka siku hiyo. Naogopa kusema, maana ndiye atakayeniandikia barua ya kuombea nafasi ya uzamili.
Mchovu

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba.

Umefunga mambo mawili katika furushi moja. Mbu kweli hangoji: viluwiluwi wasipolishwa vizuri, wanatoka mbu wadogo, dhaifu, na jaribio linaharibika. Sikubishii. Lakini takwimu zikilala hadi asubuhi haziozi.

Na hata hao mbu, nani alisema lazima uwe wewe? Mgonjwa wodini naye hangoji, ila nesi akimaliza zamu humkabidhi mwenzake, akaenda nyumbani. Kwenu hakuna zamu iliyoandikwa, kwa hiyo mwenye moyo ndiye anayebebeshwa. Hilo linaniuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu. Yapo pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Uijue, ila usimwendee bosi nayo siku ya kwanza.

Andika saa zako kwa wiki mbili, dakika kwa dakika ikibidi. Kaa na wenzako mpange zamu za wikendi: nani analisha, nani anapokea funguo. Mpelekee bosi ratiba hiyo asubuhi, ana kwa ana, ikiwa imekamilika. Mwambie ukiugua ghafla leo, mbu wake watakufa. Zamu inamlinda yeye pia. Ujumbe wa usiku ujibu saa mbili asubuhi, kwa adabu, kila siku, mpaka azoee.

Kuhusu barua, hofu yako ina msingi, siifichi. Usiiache mikononi mwa mtu mmoja. Yupo mtafiti mwingine anayeijua kazi yako. Anza kumwonyesha unachofanya sasa, kabla hujamhitaji.

Arobaini ya mama mdogo ni lini? Tarehe hiyo iwe ya kwanza kwenye ratiba, na jina lisiwe lako.