Moyo wa baba unaodunda ovyo usiku

Pole kwa kumuuguza mzee, dada. Umeuliza kama kumtia uso kwenye maji baridi au kumwambia abane pumzi kutaiamsha neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo) na kurudisha mapigo sawa. Kwa ugonjwa wake, etrio fibrilesheni (vyumba vya juu vya moyo hutetemeka na mapigo yakawa ovyo), mbinu hizo kwa kawaida hazikomeshi shambulio. Zinafaa zaidi kwa mapigo yanayokwenda mbio lakini kwa mpangilio. Na shingo msimkande kabisa, kwa mzee ni hatari.

Tena kwa baadhi ya wagonjwa neva hiyo ikizidi kufanya kazi ndiyo huanzisha balaa: usingizini, au tumbo likijaa. Wewe mwenyewe umesema humshika usiku akishakula ugali mwingi. Basi ale mapema, kidogo, na pombe ya mbege aiache (najua atanuna). Kupumua polepole humpunguzia hofu, afanye. Kama hukoroma na kukatika pumzi, mwambieni daktari.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, kama ameandikiwa, asiiache hata moyo ukitulia: ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5. Akizimia, akibanwa kifua au mdomo ukienda upande, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.