Ukija Canton Fair, tenga siku mbili tatu upande Longji

Kila Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ikikaribia naulizwa yaleyale, chumba cha bei nafuu Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, kilo kwa ndege shilingi ngapi, nani anachangisha kontena mwezi huu, na mimi najibu kadri ninavyojua. Leo naomba niongelee kitu ambacho hakuna anayeniulizaga na natamani sana mngeuliza. Kuna watu wanakuja China mwaka wa kumi sasa na China wanayoijua ni Guangzhou, Foshan na Yiwu, soko, godauni, uwanja wa ndege basi. Na wakati masaa matatu tu kwa treni kutoka hapohapo Guangzhou, ukiongeza masaa mawili ya basi, kuna milima ambayo wakulima wameichonga ngazi kwa ngazi tangu enzi za utawala wa Yuan, yaani zaidi ya miaka 600, wakaijaza majaruba ya mpunga kuanzia mita 300 na kitu hapo bondeni mpaka juu mita 1,100. Panaitwa Longji, wilaya ya Longsheng, chini ya mji wa Guilin, jimbo la Guangxi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mpunga, nimekua nafukuza ndege shambani, nilidhani nimeshaona mpunga wa kila aina jamani, sikuwa nimeona.

Kitu cha kwanza ni tarehe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu safari. Juu kule kuna baridi kwahiyo wanalima msimu mmoja tu kwa mwaka, na mlima wote unabadilika sura kufuata mpunga. Mwezi wa tano mwishoni kuingia wa sita wanafungulia maji majaruba yanajaa, ndio zile picha ambazo unaona mawingu yamelala shambani. Mwezi wa sita wanapandikiza miche, wa saba na wa nane kijani tupu, mwisho wa mwezi wa tisa inaanza kugeuka dhahabu na kuanzia kama katikati ya mwezi wa kumi wanavuna, wakishavuna unakuta mabua. Sasa piga hesabu na maonyesho. Canton Fair ya vuli inafunguliwa tarehe 15 Oktoba. Tarehe 1 mpaka 7 Oktoba ni sikukuu ya taifa la China, nchi nzima iko barabarani, hoteli zinapanda bei mara mbili mara tatu na kule mlimani unatembea kwa foleni, usijaribu. Lakini kati ya tarehe 8 na 13 watu wameshaondoka, mpunga umeiva bado haujakatwa, na wewe maonyesho yako hayajaanza. Kwahiyo badala ya kutua Guangzhou tarehe 14 usiku tua tarehe 8, pumzika, nenda Longji, rudi ukiwa na akili safi ya kufanya biashara. Wa maonyesho ya Aprili yanaisha tarehe 5 Mei, hapo maji bado, labda kama mzigo wako utakuchelewesha mpaka mwisho wa mwezi wa tano basi ndio muda wako huo, ila beba koti la mvua maana ni msimu wenyewe wa mvua na ukungu.

Treni unapandia Guangzhou Nan, ile stesheni kubwa ya kusini, unashuka Guilin. Ni masaa mawili na nusu hadi matatu, nauli daraja la pili haifiki yuan 200. Tiketi inaingia kwenye pasipoti yako, hupewi karatasi, kwahiyo jina uliloandika kwenye apu lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, na pale getini kama mashine inakataa kusoma pasipoti usihangaike nayo, nenda geti la pembeni lenye mhudumu. Begi kubwa acha Guangzhou hotelini kwako. Nasisitiza hili la begi na nitaeleza kwanini.

Kutoka Guilin mpaka mlimani kuna mabasi, au mwambie mwenye gesti akutafutie nafasi kwenye gari la kuchangia, wote wanafanya hivyo. Barabara ya mwisho ina kona za kutosha, mwenye kutapika ajiandae. Getini unalipa kiingilio, mimi mara ya mwisho ilikuwa yuan 80, halafu unahamia basi la mle ndani.

Sasa hapo kuna njia mbili. Kuna Ping'an, kijiji cha Wazhuang, ambao ndio kabila kubwa kuliko yote ukiwatoa Wahan wenyewe, na kuna Dazhai, kijiji cha Wayao wekundu, kabila la hukohuko China sio Wayao wa kwetu, wanaitwa wekundu sababu ya nguo za wanawake wao. Ping'an ni karibu zaidi, hoteli nyingi, maduka mengi, mtu mwenye wazee au watoto wadogo aende huko. Mimi ushauri wangu ni Dazhai na usilale pale chini basi linaposhusha, panda mpaka kitongoji cha Tiantouzhai, ni kupanda ngazi za mawe kama dakika 40 mpaka saa zima kwa mwendo wetu sisi watu wa kukaa dukani. Na LALA. Usiku mmoja kwa uchache, ukiweza miwili. Magari ya watalii wa siku moja yanafika mchana na saa tisa yanaanza kuondoka, wale watu wameona ngazi, wamepiga picha, wameondoka na hawajui chochote, na kama siku hiyo kuna ukungu ndio hata ngazi hawakuziona. Ukilala usiku miwili una asubuhi mbili za kubahatisha na ukungu ukifunguka saa kumi na mbili asubuhi na uko kwenye baraza la mbao na chai yako mkononi utanikumbuka. Vyumba nje ya sikukuu nimepata kuanzia yuan 150, nyumba ni za mbao zimejengwa kwa kuchomeka nguzo bila misumari, kila hatua ya jirani unaisikia, ila ni safi na maji ya moto yapo.

Kuhusu begi. Pale chini ukishuka watakuja kina mama na makapu ya mgongoni, wanataka kukubebea. Wengi ni watu wazima sana, umri wa bibi zetu, na wanapanda ngazi zile na masanduku ya magurudumu ya watu vizuri kuliko vijana. Wengine wana viti vya mianzi vya kubeba mtu mzima. Hii ni kazi yao na wanaitegemea, mimi sioni sawa kuwapita kama huwaoni lakini pia sioni sawa kumtwika mama wa miaka sabini kilo 23 za nguo usizozihitaji. Beba kibegi kidogo, mpe huyo, mkubaliane bei mkiwa chini, na bei akikutajia kwa jasho lile usimkazie kama uko Sanyuanli unanunua saa za jumla. Na muite ayi, yaani shangazi au mama mdogo, ndivyo wanavyomuita mwanamke wa umri huo.

Asubuhi acha kwenda moja kwa moja kwenye vituo vya kupigia picha. Vipo vitatu vimewekwa namba, kimoja kinafikiwa na vibehewa vya kwenye waya, utaviona tu hakuna namna ya kuvikosa. Kwanza tafuta mtu anayefanya kazi, usimame kwa mbali umuangalie. Mimi nilikaa namtazama mzee mmoja anarekebisha kingo ya jaruba. Alianza kuparua majani yote ukutani kwa jembe mpaka udongo ukabaki mtupu, halafu akawa anachota tope la ndani ya jaruba lenyewe, anabandika juu ya kingo, anagandamiza na unyayo, anasawazisha kwa mgongo wa jembe, anasogea hatua moja anarudia. Ngazi nzima hivyo. Panya na kaa wakitoboa kingo moja maji yanashuka yanabomoa ya chini yake, na ya chini yake tena, kwahiyo uzembe wa mtu mmoja juu unalipwa na jirani wa chini. Maji yenyewe yanatoka msituni kule kileleni, hawaukati ule msitu, yanaongozwa na vijito na mabomba ya mianzi kutoka jaruba la juu kwenda la chini mpaka mtoni, hakuna pampu hata moja. Sisi Tanzania tuna Kilombero na Mbarali tambarare kabisa na bado tunagombania maji, nilisimama pale nikawaza mengi.

Majaruba mengine ni madogo huamini. Kuna hadithi yao maarufu kwamba tajiri mwenye mashamba alimuamuru mkulima alime majaruba 206 kwa siku moja, jamaa akalima mpaka jioni, akahesabu, 205. Akahesabu tena, 205. Akakata tamaa, akaokota koti lake la mvua la majani alilokuwa amelitupa chini aende zake nyumbani, kumbe jaruba la mwisho lilikuwa limefunikwa na koti. Ukiona vile vipande vya pembeni vyenye mistari miwili mitatu tu ya mpunga utaiamini.

Ndio maana nawaomba sana, MSIKANYAGE KINGO kwa ajili ya picha. Nimeona watu wanashuka na viatu virefu kwenye tope bichi lililosawazishwa jana. Njia za mawe zipo, zinatosha, hata ukitaka kutembea kutoka Dazhai mpaka Ping'an kwa miguu kupitia kijiji cha Zhongliu ni masaa manne matano na hukanyagi shamba la mtu. Hiyo matembezi ndiyo naipenda kuliko vyote, mwenye magoti mazima asiikose.

Nywele sasa, najua kina dada mnasubiri. Ndio, maji ya mchele yale mnayoona mitandaoni, wenyewe ndio hawa. Chini ya mlima kuna kijiji kinaitwa Huangluo cha Wayao wekundu, kina maonyesho ya kulipia wanawake wanaimba na kufungua nywele. Si mabaya lakini mimi nilijifunza zaidi kwa mama mwenye gesti, nilimsifia nywele kwa ile apu ya kutafsiri akanikalisha jikoni. Wanakata nywele mara moja tu maishani, wakiwa na miaka kama 18, na zile zilizokatwa hazitupwi. Alifungua kilemba nikaona ni mafungu matatu, zinazoota kichwani, zilizokatwa usichana wake, na zile zinazong'oka kila siku kwenye kitana ambazo anazikusanya, zote anazizungusha pamoja kichwani bila kibanio. Fundo likiwa mbele juu ya paji ujue ni mke wa mtu na ana watoto. Maji ya mchele sio yale ya kulowekea jioni ukapaka asubuhi, wanayachachusha siku kadhaa na wanatia na maganda ya balungi. Akaniambia zamani mwanamke hakuonyesha nywele zake wazi kwa mwanaume asiye mume wake. Na mimi niko na hijabu yangu hapo. Tulicheka tukashikana mikono, hiyo apu haikuhitajika tena.

Hilo linanileta kwenye picha za watu. Sisi Waafrika kule tunapigwa picha, mnajua, mtu anakutolea simu usoni anataka na nywele akushike, na inachosha. Basi na wao hivyohivyo, nguo zao nyekundu zinapigwa picha kutwa. Onyesha simu, inua nyusi, subiri akubali. Wengine wataomba hela kidogo na ni haki yao. Hata kiingilio kile na pesa za vibehewa, Dazhai wanakijiji wanapata mgao kila mwisho wa mwaka na mgao unaangalia nani anaendelea kulima, maana vijana wote wakihamia mjini kufuata viwanda zile ngazi zinaporomoka. Mwaka 2022 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja kati ya vijiji bora vya utalii duniani, na majaruba yenyewe FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyaorodhesha kama urithi wa kilimo 2018.

Chakula, kwa Waislamu wenzangu mfungue macho. Wanapenda nyama ya nguruwe ya moshi na mafuta yake wanakaangia hata mchicha. Wali wa kwenye mwanzi ni mtamu na kila mtu atakwambia uule, ila mara nyingi ndani wanachanganya vipande vya hiyo nyama na mwanzi unazibwa kabla ya kuingia motoni, kwahiyo sema mapema, wo bu chi zhurou, na uongeze bu yao zhuyou kwa ajili ya mafuta. Uwe umeiandika kwa Kichina kwenye simu pia. Mimi naishi kwa mayai na nyanya, tofu, mboga na samaki wanaofugwa mlemle kwenye majaruba, na viazi vitamu vya kuchoma njiani. Kuna chai yao ya mafuta, majani yanatwangwa na tangawizi na kitunguu saumu kisha wanatia bisi za mchele, ulizia mafuta gani kwanza, ikiwa salama kunywa maana asubuhi ya baridi inakuamsha kweli.

Malipo Alipay inapokelewa mpaka kwa muuza viazi na inakubali kadi zetu za Visa, ila weka na yuan mia mbili tatu taslimu kwa ajili ya kina mama wa makapu. Ramani pakua ya Kichina maana ya Google huko haikusaidii, na lugha ya Kichina ipakue kwenye apu ya kutafsiri kabla hujatoka hotelini. Pasipoti tembea nayo, gesti lazima wakuandikishe. Na tiketi ya treni ya kurudi ikate siku hiyohiyo unayokata ya kwenda, chukua ya mchana sio ya asubuhi ili usikimbizane na basi la mlimani, kwasababu tarehe 13 na 14 Oktoba kila anayeenda kwenye maonyesho anaingia Guangzhou na viti vinaisha mapema.