Seva ikigoma kuwaka, ibakizie kichwa kimoja

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa ile ya kuvaa koti juu ya koti, niliagiza seva ya mtumba kutoka Dar kwa ajili ya kibanda changu cha uchapaji Mwanjelwa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) mbili, kila moja kori nne, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi. Ikapanda basi, ikapanda mlima Kitonga, ikafika. Nikawasha: maandishi yakakimbia, ghafla "Kernel panic" (kiini cha mfumo kimekwama), kimya.

Nikapiga upya Linux, mfumo unaoendesha seva. Mara mbili! Ugonjwa uleule. Siku mbili nzima zimekwenda, na mashine ilikuwa inaanguka hata kabla haijayagusa mafaili niliyokuwa nayafuta.

Usifanye hivyo. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijawaka, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa neno quiet, kisha Ctrl+X. Rekodi skrini kwa video ya simu, halafu irudishe taratibu. Kosa linalobaki chini ya skrini mara nyingi ni mkia tu, tafuta lililotangulia. Mimi nilikuta mashine inaanguka mara tu baada ya "Bringing up secondary CPUs", yaani inaamsha vichwa vingine.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kori haziamki pamoja. Moja hutangulia, kama mama anayeamka kukoka moto, ikishaandaa mambo ndiyo inawaamsha wenzake mmoja mmoja. Seva yangu ilikuwa inafia kwenye kuamsha wenzake.

Basi rudi kwenye ule mstari, mwishoni ongeza maxcpus=1, yaani amsha kori moja tu. (Haibaki, ukiwasha tena imefutika.) Seva ikawaka bila kelele. Nikaingia kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), nikaanza kuamsha kori kwa mkono, kila mara nikibadilisha namba ya cpu:

echo 1 > /sys/devices/system/cpu/cpu1/online

Ya 1 ikakubali, ya 2, ya 3. Ya 4, chali. Kabla ya kuijaribu nilikuwa nimeandika lscpu -e, amri inayoonyesha kila kori ipo soketi gani (soketi ni kiti cha prosesa), ikaonyesha zote zilizo macho, 0 hadi 3, zipo soketi 0. Basi ya 4 ni ya soketi ya pili. Usikisie kwa namba, mashine nyingine huzipishanisha kati ya soketi.

Je, mbovu ni prosesa au soketi? Nikachomoa waya wa umeme, nikazibadilisha nafasi prosesa zote mbili, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto. Ugonjwa ungehama na prosesa, ningenunua nyingine. Haukuhama. Nikamulika soketi ya pili kwa tochi ya simu: kipini kimoja kimelala kama hindi lililopigwa na upepo.

"Dada, niazime sindano," nikamwambia fundi cherehani jirani.

"Unashona nini?"

"Kompyuta."

Alicheka hadi mteja wake akachungulia. Nilikiinua kipini kile kidogo kidogo, pumzi nimeibana. Kikikatika, mazabodi (bodi kuu) ndiyo basi. Kori zote 8 ziliwaka. Sindano ya watu bado ninayo.